Utumbo wa Mama na Haya ya Mkwe

Mama yangu hakuwa anakaa kwa kiti kama watu. Alikuwa anakaa upande, tako moja kwa kiti, lingine hewani, kama mtu ako tayari kutoroka. Nikimuuliza, "Mama, mbona hukai vizuri?" ananiambia, "Kiti yako ni mbaya." Nikaenda nikaomba kiti ya jirani. Hiyo pia mbaya. Nikamtandikia blanketi chini. Chini pia ikawa mbaya. Miaka tatu hakuna mahali pazuri pa kukaa Molo yote, na mimi, mjinga, nikaamini shida ni viti.

Tulikuwa tunaishi kwa shamba ya mzungu mmoja huko juu, mahali baridi inaingia mpaka kwa meno. Mimi nilikuwa nachuma pareto na bwana yangu alikuwa dereva wa lori ya shamba. Ilikuwa miaka ya hamsini, zile siku za hali ya hatari, na Mkikuyu hakuwa anatoka shamba bila karatasi. Baba alikuwa ameshakufa. Ndugu zangu wawili serikali ilikuwa imewachukua, hatujui wako kambi gani. Kwa hivyo mama akaja kukaa na sisi. Bwana yangu akamjengea kanyumba nyuma ya yetu, mlango akaugeuza uangalie upande ule mwingine kabisa.

Huo mlango haukugeuzwa bure. Kwetu mama mkwe na mkwe wake ni haya tupu. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, hawaangaliani usoni. Bwana yangu akitaka kupita nyuma ya nyumba anaanza kukohoa kutoka kwa zizi la kondoo. Mama akisikia kikohozi anaingia ndani mbio, hata kama ameshika mwiko wa uji. Siku moja bwana yangu alishikwa na homa ya kweli, akakohoa wiki nzima, na mama akakaa ndani wiki nzima. Mimi nikimpelekea maji ananiuliza kwa ile sauti yake nyembamba, "Bado yuko hapo?" Nikamwambia, "Mama, ni homa! Toka uote jua!" Wapi. Hakutoka.

Hao ndio watu Mungu alinipa.

Sasa, asubuhi moja mama alienda kutafuta kuni. Unajua vile tunabeba kuni. Unafunga mzigo, unachuchumaa ukiupa mgongo, unaweka ukanda kwa paji la uso, halafu unajikaza kwa nguvu yote unasimama. Wanawake wengine walikuwa wanaitana, mmoja anainua mwenzake. Mama yangu? Ainuliwe na nani? "Mimi sijazeeka." Akajikaza peke yake, na pale pale akasikia kitu ndani imepasuka, praa, kama shuka ya zamani.

Mtu mwenye akili angetupa zile kuni. Mama yangu alizibeba mpaka nyumbani.

Mimi nilikuwa nafunga mtoto mgongoni niende pareto. Nikamwona amesimama mlangoni kwake, ameshika ukuta, miguu ameipanua, uso umekuwa rangi ya jivu. Nikasema, "Mama, ni nini?"

"Sio kitu."

"Mbona hukai?"

"Nimechoka kukaa."

"Umekaa saa ngapi, na ndio unarudi?"

Akavuta nguo chini. Halafu nikaona damu na maji inashuka kwa kisigino. Nikamwambia, "Mama, nitainua hiyo nguo." Akasema nikithubutu atanilaani. Nikamwambia, "Basi laani haraka," nikainua.

Nimechinja mbuzi mara nyingi, au niseme wanaume wamechinja na sisi wanawake tumeachiwa matumbo tuoshe, kwa sababu ndiyo kazi yetu. Kwa hivyo utumbo naujua. Naujua mwembamba na mnene, naujua ukiwa mzima na ukiwa umeanza kuharibika. Na huo uliokuwa unaning'inia kati ya miguu ya mama yangu ulikuwa utumbo mwembamba, mrefu kama mkono wangu na zaidi, unang'aa, na ulikuwa umetokea huko nyuma, mahali pa haja kubwa.

Mtoto akaanza kulia mgongoni. Mimi pia.

Mama akasema, "Usipige kelele. Utarudi. Huwa unarudi."

"Huwa unarudi?" Nikashangaa. "Mama, hii kitu imeanza lini?"

Hapo ndipo nikajua habari ya viti. Kumbe tangu azae mtoto wake wa mwisho kulikuwa na nyama ilikuwa inatoka akienda choo, na yeye anairudisha na kitambaa, kimya kimya, miaka yote. Hakuambia baba. Hakuambia mimi. Ndiyo maana alikuwa anakaa upande. Nikamwambia, "Mama, hiyo ya zamani ilikuwa nyama. Hii ni utumbo. Kuna mahali ndani pamepasuka." Akaniambia, "Wewe umekuwa daktari lini?" Amesimama hapo matumbo nje, na bado ananisimanga.

Jirani yetu mmoja, mkunga mzee, akasikia kilio akaja. Huyo alikuwa ametuzalisha sisi wote na alikuwa anaongea kama nyapara. "Toka! Toka hapa! Leta siagi! Mimi nitaurudisha!" Akachuchumaa, akaweka vidole viwili tu. Mama akapiga nduru mpaka kondoo wakakimbia. Nikamvuta mkunga kwa nguo. Akanikasirikia, "Unanivuta? Mimi niliyekata kitovu chako?" Nikamwambia, "Nisamehe cucu, nyanya yangu, lakini huyu hazai. Usimguse."

Sikujua la kufanya, lakini nilijua kitu moja. Utumbo wa mbuzi ukiuacha kwa hewa na upepo unakauka, unabadilika rangi, na hapo huna kitu tena. Ukitaka ukae vizuri uweke kwa maji. Basi nikachemsha maji na chumvi, nikaiacha mpaka ikawa ya vuguvugu kama ya kuoga mtoto. Nilikuwa na gunia la unga ya ngano, lile la kitambaa nyeupe ambalo memsabu, mke wa yule mzungu, alikuwa anatupatia tushone petikoti. Nikalichemsha pia. Nikamlaza mama kwa ubavu, nikafunika ule utumbo na kile kitambaa maji maji, na nikamwambia mkunga amwagie kidogo kidogo asiache kikauke. Akasema, "Sasa unampika?" Lakini alimwagia.

Mimi nikakimbia kwa nyumba ya wazungu kuomba lori na karatasi ya njia.

Bwana mkubwa na memsabu walikuwa mezani wanakula chakula cha asubuhi. Mpishi hakutaka kuniruhusu, nikapita chini ya mkono wake. Memsabu akaniangalia vile anaangalia kuku ameingia ndani. "Wewe nataka nini saa hii?"

Nikasema, "Memsabu, mama yangu ni mgonjwa sana. Tumbo."

"Ah! Tumbo!" Akafurahi, maana ya tumbo alikuwa anaijua. Alikuwa na chupa moja ya chumvi ya haluli, na kwa hiyo chupa aliendesha watu wa laini yote ya nyumba za wafanyakazi, wenye malaria, wenye kikohozi, wenye kuvunjika mguu. "Mimi nampa dawa ya kuhara. Yeye nakwenda choo mzuri, kesho nafanya kazi."

"Hapana, memsabu. Sio ya kwenda choo. Utumbo umetoka nje."

"Nini natoka?"

Yeye hajui neno utumbo. Bwana mkubwa naye anaangalia gazeti, hataki kuingizwa kwa mambo ya wanawake, masikio yamekuwa mekundu kama nyanya. Mpishi ananikanyaga mguu ninyamaze. Mimi naona mama anakufa kwa sababu ya neno moja. Nikaangalia mezani, nikaona sahani ya bwana mkubwa. Ilikuwa na mayai na zile soseji zao. Nikanyoosha kidole.

"Hiyo," nikasema. "Kama hiyo. Ndefu. Imetoka huku nyuma." Nikageuka nikawaonyesha mahali.

Bwana mkubwa akaweka uma chini. Akaangalia soseji. Akasukuma sahani polepole mpaka katikati ya meza. Karatasi ya njia iliandikwa hapo hapo, hata hakumaliza kikombe cha chai. "Chukua lori. Enda Nakuru. Enda, enda, enda!" Mpishi aliniambia baadaye kwamba bwana mkubwa hakuitisha soseji tena mpaka mvua ya pili.

Nilidhani kazi imeisha. Kazi haikuwa imeanza, kwa sababu dereva alikuwa mkwe.

Bwana yangu alileta lori karibu na laini, akaizima, akashuka, akasimama ameangalia ua wa miti. Mgongo kwetu. Mikono kwa mfuko. Mama alikuwa amelala mlangoni, kama hatua sita kutoka kwake. Nikasema, "Njoo tumbebe." Hakugeuka. Akaongea na ua:

"Mwambie mama yako nampa pole."

Mama, kwa ile sauti nyembamba: "Mwambie mkwe wangu nimeshukuru. Na umwambie arudishe gari."

"Nini?"

"Siwezi kubebwa na mkwe nikiwa hali hii. Bora nife na heshima yangu."

"Mwambie mama yako," bwana yangu akaambia ua, "yeye ni mzazi wangu na mimi siwezi kumlazimisha."

"Mwambie mkwe wangu amelelewa vizuri."

Wanasifiana! Mtu anakufa na wao wanasifiana! Nikasimama katikati yao na mtoto mgongoni, na nikawaambia kitu siwezi kurudia hapa kwa sababu kuna watu wa kanisa watasoma. Halafu nikamgeukia mama. Nikamwambia, "Mama, ukifa leo, nani atachimba kaburi? Wanao hawako. Ni huyu huyu. Yeye ndiye atakushika, akubebe, akuweke kwa shimo, na wewe hutakuwa na mdomo wa kukataa. Sasa chagua. Akubebe ukiwa hai macho amefunga, ama akubebe ukiwa umekufa amekodoa."

Mama akafikiria. Mkunga akaendelea kumwaga maji, cho, cho, cho.

"Kweli atafunga macho?"

Hata hiyo ya kufunga macho hatukumwachia bwana yangu. Tulimlaza kwa blanketi moja, tukamfunika lingine mpaka kichwa, wanawake wanne wa laini tukashika kona nne za lile la chini, bwana yangu akaja kinyumenyume kama ng'ombe anarudishwa zizini, akashika blanketi pale katikati bila kugeuka, na hivyo hivyo tukampandisha juu ya magunia ya pareto. Akaingia kwa kiti chake. Halafu akashuka tena! Nikauliza, "Sasa nini?" Alikuwa anatafuta gunia la kuziba kioo cha nyuma, asije akasahau akaangalia. Nikalitafuta mwenyewe nikaliziba.

Tukateremka Elburgon, tukapita Njoro, vumbi mbele na nyuma. Mimi nyuma na mama, nina debe la maji ya chumvi kati ya magoti, namwagia. Kila shimo lori ikiruka mama anasema, "Uui." Nikagonga bati, "Polepole!" Bwana yangu akaenda polepole mpaka baiskeli ikatupita. Nikagonga tena, "Haraka!" Akaenda haraka, "Uui!" Nikapiga kelele, "Kwani hakuna katikati?" Naye hawezi kujibu, kwa sababu akijibu mama atasikia sauti yake.

Karibu na Njoro kulikuwa na askari wawili na mti umelazwa njiani. Mmoja akaja nyuma, mkali, anaongea puani. "Wapi pasi? Nini iko chini ya blanketi? Mmeficha mtu?"

"Ni mama yangu, afande. Mgonjwa."

"Wote nasema mama mgonjwa! Fungua!"

Nikamwambia, "Afande, mimi nakuomba, usiangalie."

Hakuna kitu mbaya ya kuambia askari kama hiyo. Akafunua blanketi upande wa miguu, na kitambaa akakifunua pia. Sijui aliona kwa muda gani. Kufumba na kufumbua tu. Kofia ikaanguka. Akaenda kando ya barabara akainama kwa majani, mgongo unaruka ruka, na yule mwenzake akauliza, "Bunduki?" Huyu akapunga mkono wapitishwe, wapitishwe. Mama chini ya blanketi akauliza, "Nani huyo ameniona?" Nikamwambia, "Ni upepo, mama."

Hospitali tukafika jua limesimama. Dresa mmoja, msaidizi wa daktari, kijana Mjaluo mrefu, suruali nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, akaangalia mara moja tu akakimbia kuita daktari. Daktari alikuwa mzungu mwembamba, miwani, anatembea kama korongo ziwani, anainua mguu juu sana kabla ya kuuweka. Akachuchumaa. Akaangalia kitambaa. Akauliza kitu kwa Kizungu.

Dresa akaniangalia. "Daktari anaulisa, nani aliweka hii maji ya chumvi?"

Nikajua nimeharibu. Nikasema, "Ni mkunga."

"Anasema ni visuri sana. Utumbo bado ni msima."

"Basi ni mimi," nikasema.

Daktari akasema atampasua tumbo, arudishe utumbo ndani kutoka juu, ashone pale palipopasuka, upesi, kabla uchafu haujajaa ndani. Hiyo operesheni yenyewe inaweza kumuua, asipofanya atakufa tu. Lakini lazima mwanaume wa jamaa aweke kidole gumba kwa karatasi. Sasa mwanaume wa jamaa ni nani? Nikatoka nje. Alikuwa amesimama kwa lori, ameangalia ukuta wa hospitali. Huyo mtu siku hiyo aliona kuta na ua nyingi kuliko fundi.

Karani wa hospitali alikuwa na sauti ya kuita watu kwa uwanja wa mpira. Akasimama kwa baraza, watu wamejaa benchi zote mbili, akasoma: "Wewe ndiye mkwe? Unakubali huyu mama mkwe wako apasuliwe tumbo, kwa sababu utumbo umetokea kwa..."

"Nakubali!" bwana yangu akasema.

"Ngoja nimalize. Sheria inasema lazima usomewe yote. Umetokea kwa..."

"Nimekubali! Leta wino!"

"Mzee, utakubalije kitu hujasikia?"

Bwana yangu akaweka vidole viwili masikioni. Karani akasoma yote mpaka mwisho, watu wa benchi wanasema "Woi, woi," na bwana yangu amesimama hapo masikio ameziba, macho amefunga, anaimba wimbo wa kanisa kwa pua. Karani alipomaliza nikamtoa mkono mmoja sikioni, nikachovya kidole gumba chake kwa wino, nikakigandamiza kwa karatasi mimi mwenyewe. Halafu nikaenda nikakaa kwa nyasi nikamkumbatia mtoto. Kabla ya hapo sikuwa nimepata nafasi ya kuogopa.

Walikaa naye ndani mpaka nilipomnyonyesha mtoto mara tatu. Dresa akatoka, amelowa jasho. "Amemaliswa. Ako hai." Akaongeza kwamba daktari hasemi amepona. Bwana yangu akauliza ukuta, "Amesema ako hai?" Akaingia kwa lori akarudi Molo, maana karatasi ilikuwa ya siku moja. Mimi nikabaki.

Sasa sikiliza. Mtu akishonwa matumbo, matumbo yanalala. Yanakataa kufanya kazi. Daktari anangojea yaamke, na hakuna njia nyingine ya kujua yameamka isipokuwa mgonjwa ashute. Ndiyo hiyo. Akishuta, njia imefunguka, anapewa uji, anaishi. Asiposhuta, tumbo linafura, maana yake ndani kumeziba, na lazima apasuliwe tena. Dresa alinieleza hivyo siku ya kwanza, na akaniambia waziwazi: "Akipasuliwa mara ya pili, mama, sioni kama atatoka. Hana damu ya kutosa."

Kwa hivyo kila asubuhi korongo anakuja, anainua miguu, anasimama kwa kitanda, anasema kitu, na dresa anauliza kwa heshima, "Mama, daktari anaulisa kama umepitisa upepo."

Na mama, amelala hapo midomo imekauka kama ngozi, hajaonja kitu isipokuwa pamba ya maji, anajibu: "Mimi? La."

Siku ya pili, la. Siku ya tatu, la. Siku ya nne daktari akagonga tumbo kwa vidole, likalia kama ngoma, akakunja uso. Akaongea na sista. Dresa akanivuta kando. "Kama hakuna kitu mpaka asubui, anamrudisa ndani."

Sasa mimi nilikuwa nalala chini ya hicho kitanda. Chini yake kabisa, na mtoto, kwa mkeka. Na jioni hiyo nilimsikia. Haikuwa moja. Zilikuwa tatu, na ya mwisho ilikuwa na mkia.

Nikatoka chini nikasimama. "Mama! Umeshuta!"

"Nani? Mimi?"

"Ni wewe!"

"Ni yule wa kitanda cha dirisha."

"Mama, nimelala chini yako! Kesho watakupasua! Ukiulizwa sema ndiyo!"

Akageuza uso. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini, hata hana hasira, kama mtu anaeleza mtoto mdogo: "Huyo kijana anayeuliza ni rika la mkwe wangu. Unataka nimwambie rika la mkwe wangu kwamba nimeshuta?"

Nilikaa chini nikashika kichwa. Nimezaliwa na mtu atakufa kwa adabu.

Asubuhi wakaja na kile kitanda cha magurudumu. Wamekuja kumchukua. Daktari akauliza, dresa akauliza, mama akasema, "La." Nikaruka. "Ni uongo! Ameshuta jana jioni, mara tatu!" Wodi nzima ikageuka. Mama akasema, "Huyu msichana wangu hana akili, msimsikilize." Dresa akamwambia daktari, daktari akaniangalia kwa miwani, akaangalia tumbo. Hakujua aamini nani. Akaweka ile mipira masikioni, akainama, akasikiliza. Nikamwona mama amekaza. Amekaza mpaka vidole vya miguu vimekunjana. Alikuwa nayo hapo hapo, mlangoni, na anaizuia!

Nikaona hakuna maneno tena. Nikaenda nyuma ya daktari, mahali mama ananiona. Nikakunja vidole nikajiwekea miwani. Nikainua mguu juu, korongo kabisa, nikauweka chini polepole, nikainua mwingine, nikainama juu ya kitanda tupu, nikasikiliza godoro, nikatingisha kichwa kwa huzuni nyingi, na nikamwambia lile godoro kwa sauti ya puani kama ya daktari, "Hapana upepo? Oo, mbaya sana, mbaya sana."

Mama alijaribu. Nitamsifu kwa hilo. Aliuma blanketi. Machozi yakaanza kutoka, mabega yakatingishika, akashika mshono na mikono miwili, "Uui, uui, toa huyu mtoto hapa," na akicheka hivyo huku analia, ikatoka. Ilitoka ndefu. Ilianzia kwa kitanda chake ikaenda mpaka mlangoni. Yule mgonjwa wa dirishani, ambaye alikuwa amesingiziwa bure, akapiga makofi.

Daktari akatoa mipira masikioni. Na huyo mzungu, mtu ambaye sikuwa nimemwona akicheka hata siku moja, akachukua mkono wa mama, akautingisha kama amekutana na gavana, akasema mwenyewe kwa Kiswahili, "Asante sana, mama. Asante sana."

Kitanda cha magurudumu kikarudishwa. Mama akaangalia mkono wake ule ulioshikwa. Akaniangalia mimi. "Wazimu," akasema. "Nyinyi wote." Akajigeuza polepole kwa ubavu, akaangalia ukuta, na uji ulipoletwa, kikombe cha kwanza tangu Molo, aliunywa wote hivyo hivyo, amenipa mgongo.